Umehamishwa kutoka tarumbeta kwenda baritoni? Muulize mwalimu haya kabla ya kukataa

Mdogo wangu, umesema umepiga tarumbeta miaka miwili, sasa mwalimu wa bendi anataka muhula ujao ushike baritoni, na hulitaki dude lile. Sawa, lakini baritoni ni tarumbeta iliyorefushwa tu. Mrija wa tarumbeta ya B flati ukinyooshwa ni kama mita 1.4, wa baritoni ni mara mbili yake, ndiyo maana inalia oktavu moja (ngazi nzima ya noti nane) chini. Pistoni, yaani vitufe vya kubonyeza, ni tatu zilezile na vidole ni vilevile: C wazi (bila kubonyeza), D ni pistoni ya 1 na ya 3, E ni 1 na 2, F ni 1, G wazi.

Kwa hiyo muulize kwanza: noti zangu zimeandikwa kwa ufunguo gani, yaani ile alama ya mwanzo wa mistari inayoonyesha noti ipi iko wapi? Bendi za shaba za mtindo wa Uingereza humwandikia baritoni kwa ufunguo wa G, kama tarumbeta, kwa hiyo utasoma siku hiyohiyo. Zikiwa za ufunguo wa F, hapo kuna kazi: noti huandikwa jinsi zinavyosikika, na ile unayoijua kama C ya chini utaikuta imeandikwa B flati, mstari wa pili kutoka chini. Omba za G. Akisema hana, omba wiki kadhaa za kujifunza kabla hujapangwa kwenye onyesho.

La pili ni hali ya chombo chenyewe, maana vya shule vinapita mikono mingi. Vuta nje kidogo mrija mdogo wa pistoni ya pili, bila kuutoa wote na bila kubonyeza pistoni, halafu bonyeza: ukisikia "po!", pistoni bado inabana hewa vizuri. Ukipuliza ikagoma kabisa kama imezibwa, usikimbilie kusema imekufa. Mara nyingi aliyeisafisha amezichanganya pistoni. Zina namba 1, 2, 3, zirudishe mahali pake. Mausipisi (kile kipande cha kupulizia) ikinasa, usiishike kwa koleo. Na ukiosha, maji yawe ya uvuguvugu. Ya moto sana hubandua rangi ya juu.

Tatizo kubwa la mtu wa tarumbeta ni mdomo. Kikombe cha mausipisi ya tarumbeta kina upana wa kama milimita 16 kwa ndani, cha baritoni kama 25. Ukibana midomo kwa mazoea, sauti inatoka nyembamba kama ya mbu, na noti za chini zinatetemeka. Kaza pembe za mdomo, legeza katikati, shusha taya, na acha kukandamiza chombo usoni. Hewa iwe nyingi na ya taratibu. Ukiona kizunguzungu, unasukuma kwa nguvu mno, pumzika.

Wiki ya kwanza achana na nyimbo. Dakika 10 kwa siku: anza G, shuka noti moja moja hadi C ya chini, kila noti mapigo 8, ukivuta pumzi kwa mapigo 4. D ile ya 1 na 3 italia juu kidogo, kwa sababu pistoni mbili zikibonyezwa pamoja mrija wa ziada hautoshi. Vuta mrija wa pistoni ya 3 kidogo. Chombo kikiwa na pistoni ya nne, tumia 4 peke yake badala ya 1 na 3.

Uzito nao: tarumbeta ni kama kilo moja, baritoni inazidi mara mbili. Ukikaa, usifuate chombo kwa kuinama. Weka kitambaa kilichokunjwa pajani hadi mausipisi ikufikie mdomoni shingo ikiwa wima.

Na tarumbeta usiiache. Siku unayopiga zote mbili, anza nayo, pumzika dakika 10, ndipo ushike baritoni. Ukigeuza, noti za juu za tarumbeta zitakusumbua, maana midomo imeshalegea.