Re: Keekee ya ngazi imeungua kwenye stenlesi, nani alipe?

Yakhe, umeuliza kama ile keekee ya ngazi (ile ya umbo la koni yenye vidaraja, kila kimoja kinapanua tundu zaidi) ya karakana yenu hapo Chake ilikuwa mbovu, na nani alipe, maana umetoboa tundu moja tu la milimita 20 kwenye boksi la stenlesi la boti ikageuka buluu na haikati tena. Mie naona tatizo ni spidi. Stenlesi ukiizungusha mbio huku unasukuma kidogo kidogo inasugulika tu, inapata moto na pale pale inakuwa ngumu zaidi, baada ya hapo hata keekee mpya italia. Shusha mpaka raundi 200 au 300 kwa dakika, tia mafuta ya kukatia, kandamiza kwa nguvu mpaka uone chuma kinatoka kama utepe, kikitoka unga simama hapo hapo. Na angalia unene wa bati usizidi kimo cha ngazi moja, ukizidi ngazi ya pili inaanza kula kabla ya kwanza kumaliza.

Boksi lifunge kwa klampu, usilishike kwa mkono hata siku moja, na glavu vua, zikinasa zinakwenda na vidole.

Kunoa inanoleka, ila piga jiwe upande wa ndani wa mfereji tu (ule uwazi ubavuni mwa keekee unaotolea chuma), ukigusa nje vipimo vyote vinaharibika na mwenzio atatoboa 20 apate 19. Ya kulipa, waambie wenzio leo leo, msichange pesa kimya kimya, halafu mnunue moja iandikwe STENLESI TU.