Beringi za mpira chini ya jengo: X ikafaulu, Y ikafaulu, bado sio mwisho

Mkuu umeuliza kuhusu beringi, yaani yale mapande ya mpira yanayowekwa chini ya jengo ili tetemeko la ardhi lisilitikise sana: kama ikipimwa upande wa X ikafaulu halafu Y (upande unaokatiza X) ikafaulu basi kazi imeisha. Mi nimefanya kazi maabara ya kupima hizi beringi, jibu langu ni hapana, tetemeko halisukumi jengo kama droo, mbele nyuma mbele nyuma, linalizungusha.

Anza na zile zenye risasi katikati, yaani kigogo cha madini ya risasi kinachomeza nguvu ya tetemeko. Ukinzani wa risasi ni mmoja tu, hauna fungu la X na fungu la Y, kwa hiyo jengo likienda mshazari digrii 45 kila upande unaambulia kama asilimia 71. Sasa kuna watu kwenye kompyuta wanaweka springi mbili zisizojuana, moja ya X na moja ya Y, programu inawapa ukinzani uliozidi kwa asilimia 41 na grafu inatoka nzuri kweli kweli. Hii ndo inanikera kuliko zote.

Halafu joto. Tuseme beringi inasogea sm 30 kutoka katikati. Kwa mstari, kwenda na kurudi raundi moja ni sm 120, ila ikizunguka duara inatembea kama sm 188, tena haisimami popote. Yote hayo yanageuka joto ndani ya risasi, na risasi haisubiri ifike nyuzi 327 iyeyuke, inalegea mapema tu, kwenye mashine unaona kabisa kitanzi cha grafu ya nguvu na msogeo (upana wake ndo nguvu inayomezwa) kinasinyaa raundi kwa raundi.

Zile zisizo na risasi, za mpira uliotengenezwa umeze nguvu wenyewe, ugonjwa wao ni msokoto. Ikizungushwa duara, sehemu ya ukinzani inapinga mwendo badala ya kuvuta kurudi katikati, basi beringi inasokotwa huku imelala, na mpira wa ukingoni unavutika kuliko hesabu ya mstari mmoja inavyosema. Vipimo vya Japani vilionyesha zinachanika mapema zaidi zikizungushwa. Mpira wa asili wa kawaida hauna shida hiyo sana, usitishike.

Na uzito wa jengo uko juu yake muda wote! Sm 30 za X na sm 30 za Y kwa wakati mmoja ni sm 42 za mshazari. Beringi ya duara ikisogea nusu ya kipenyo chake, uso wa juu na wa chini vinafunikana asilimia 39 tu, na hapo ndo uzito unaposhuka moja kwa moja (ni hesabu ya haraka, beringi nyingi hubeba uzito zaidi ya hesabu hiyo, ila ndo ujue unaelekea wapi).

Kama mashine yenu inasukuma upande mmoja tu, tafuteni sehemu wakazungushe hata beringi ndogo ya mfano. Na ukipima X kisha Y kwenye beringi ile ile, ipe muda ipoe, maana mpira ulioshachezewa unakuja laini kuliko mpya na utadhani Y ndo dhaifu.