Uliza Mjomba: Washkaji wananialika shamba tukakamate sungura, niende?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi kijana wa Tanga, nipo Leicester napiga shifti za usiku kwenye weahausi. Kuna jamaa watatu wa kazini, Waingereza, wamenialika wikendi moja ya mwezi wa pili twende shamba fulani maeneo ya Thetford, baba mdogo wa mmoja wao analima huko na sungura wanamalizia shayiri yake, sasa mpango wao ijumaa jioni tunatega vitanzi vya waya, jumamosi wanaingiza kijinyama gani sijui kwenye mashimo, jumapili tunapika. Mimi kwetu najua ukikutwa na waya porini hiyo ni kesi tayari. Je, hii ni sawa kisheria au nitaharibu visa yangu? Nyama yake mimi Muislamu naila? Na nivae nini, maana baridi naiogopa kuliko polisi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda. Ila jumamosi ndo nenda kwa moyo mmoja, hiyo ijumaa ya waya nina neno nayo.

Tuanze na sheria maana ndo inakukosesha usingizi. England sungura pori sio kama kwetu, mkulima ana haki ya kuwaua kwenye shamba lake tangu sheria ya 1880, na ile ya 1954 ikaenda mbali zaidi ikampa wajibu kabisa wa kuwapunguza wasiharibu mazao ya jirani. Hakuna msimu wa kufunga uwindaji wao. Kinachokuweka salama wewe ni ruhusa ya mwenye shamba, basi. Bila ruhusa unaitwa jangili hata kama umeshika sungura mmoja, na wakikukuta usiku ndo mbaya zaidi, kuna sheria ya ujangili wa usiku ya 1828 na mpaka leo ipo. Kwaiyo mwambie rafiki yako huyo baba mdogo aandike ujumbe kwenye simu, majina yenu wote, na mjue mpaka wa shamba unaishia wapi, sio mnafuata sungura mnajikuta kwa mtu mwingine. Bunduki ya risasi usiiguse kama huna leseni. Ile ya upepo yenye nguvu ndogo England haihitaji leseni kama umefika miaka 18, ila Scotland wanataka cheti tangu mwisho wa 2016, usije ukajisahau siku ukienda huko.

Sasa waya. Wales wamepiga marufuku vitanzi 2023, Scotland 2024. England wakati naandika hivi bado vinaruhusiwa, lakini sio vyovyote, kile kinachokaza na kujifunga chenyewe kilikatazwa tangu 1981, na mtegaji lazima akavikague angalau mara moja kila siku. Sikatai, kutega ni ufundi. Njia ya sungura kwenye majani ukiinama utaona ina madoa madoa yaliyokanyagika, pale miguu inapotua kila akiruka, na katikati majani yamesimama, sasa fundi anaweka kitanzi chake pale katikati ambapo sungura yupo hewani, sio kwenye doa. Anayejua hivo anapata, asiyejua anaamka asubuhi anakuta waya umesukumwa pembeni. Shida yangu ni kwamba ukishatega ukaenda kulala waya hauulizi nani anapita. Paka wa jirani, nungunungu wale wadogo wa huku, hata beja, huyu ni jamaa wa nyegere wetu na huku analindwa na sheria yake peke yake ya 1992, wote wanapita njia ile ile. Na sungura mwenyewe anaweza kukaa pale usiku kucha anahangaika. Mimi ningewaambia jamaa ijumaa tule chipsi tulale.

Jumamosi ndo utamu. Hicho kijinyama kinaitwa feret, mrefu mwembamba wa ukoo mmoja na kicheche, Wazungu wamefuga kwa kazi hii karne na karne. Mnafika pale penye mashimo bila kelele, yani hata mlango wa gari msiubamize, mnafunika kila tundu na kawavu kadogo kenye kamba inayopita pembeni mwake kuzunguka na kijiti kimechomekwa ardhini, alafu feret anaingizwa shimo moja na nyie mnasimama nyuma ya mashimo, sio mbele, mkinyamaza. Ukitulia utasikia chini ya miguu wanapiga ardhi kwa miguu ya nyuma, du, du, wanapeana taarifa. Mara mmoja anatoka kama risasi, wavu unajifunga wenyewe, na hapo unaruka haraka kumshika na kulifunika tundu kabla mwenzake hajatoka nyuma yake. Kuna muda feret anaua huko chini anajilalia zake, ndo maana anavalishwa kola yenye redio, mtu anamtafuta na kachombo alafu mnachimba. Hiyo inaweza kula mchana mzima kwaiyo usipange kurudi mapema. Na mwezi wa pili umekaribia mwisho wa kazi hii, majani yamekufa matundu yanaonekana, ikifika masika yao vitoto vinakuwa vingi mashimoni, waungwana wanaacha.

Kula sasa. Kwetu Sunni sungura ni halali, ipo hadithi ya Anas kwenye Bukhari, watu walimfukuza sungura mpaka wakachoka, Anas akamdaka, Abu Talha akachinja, na Mtume (SAW) akapelekewa paja akapokea. Ndugu zetu Mashia hawali, na Wasabato nao hawali kwa ile Walawi 11, kwaiyo ukiwa na rafiki wa hivo usimpikie kimyakimya. Aliyekufa kwenye kitanzi amenyongwa, huyo umekatazwa wazi kwenye Surat al-Maida, hata ujumbe wa shekhe hauhitaji. Aliyeuliwa na feret shimoni muache. Ila wa wavuni anakuja mkononi mzima. Wenyeji wao wanamvunja shingo palepale, kwaiyo ongea na mwenye shamba mapema kwamba wako utamchinja mwenyewe, kisu kikali, mara moja, asiteseke. Akikataa ni kwake, kula mayai. Ya bunduki ya upepo muulize shekhe wako, hapo wanazuoni wana maneno mengi.

Akishakufa mkamue mkojo kwanza, unapitisha dole gumba tumboni kushuka chini, usipofanya hivo utakuja kuharibu nyama ukipasua. Toa utumbo mapema. Ukiona sungura macho yamevimba yana usaha na amekaa tu hakimbii, huyo ana miksomatosisi, ugonjwa ulioingia Uingereza 1953 ukaua karibu wote, mtu haumpati lakini nani atakula kile. Nyama ya sungura pori haina mafuta kabisa, ukiichoma kama kuku inakuwa kamba. Chemsha taratibu na tangawizi, alafu nazi mwishoni.

Nguo: gambuti, soksi mbili, koti lisilopiga kelele, glavu nyembamba maana wavu hutaufungua na zile nene. Kisu cha kukunja kisicho na loki, ubapa wake usizidi inchi 3, ukikutwa nacho barabarani hakina maneno.

SWALI: Mjomba, niko Voi. Vijana wangu likizo hii wanashinda porini na wenzao wanatega sungura kwa waya za baiskeli, baba yao anasema ni michezo ya watoto na yeye alitega. Ni sawa? Mama wawili.

JIBU: Hapana mama. Kenya uwindaji ulifungwa 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 inakamata hata anayewinda kwa ajili ya kula tu nyumbani. Alafu sungura wa porini hapo kwenu hachimbi shimo kama yule wa Ulaya, analala juu kwenye majani, kwaiyo waya wa vijana upo kwenye njia ya kila mtu, digidigi akipita ni yeye, na hapo ni jirani na Tsavo, askari wanajua kutofautisha mtoto na mtegaji baada ya kumkamata sio kabla. Waende na baba yao huyo huyo mchana wakatoe waya zote, wazihesabu kama zinatimia. Wakitamani sungura wafuge, wale wa kibandani.