Oili inavuja nyuma ya injini: giaboksi isubiri kwanza

SWALI: Nina Mazda MX-5 ya mwaka 1991, injini ya 1.6. Kila asubuhi nakuta matone ya oili chini, usawa wa injini inapoungana na giaboksi. Fundi anasema ni sili ya nyuma ya krankishafti, lazima giaboksi ishuke. Kabla sijatoa hela, kuna cha kuangalia? Na zile dawa za kuzuia uvujaji zinafaa?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Kipo, na kwa gari hili ndicho cha kuanzia. Nyuma kabisa ya silinda hedi kuna sensa ya kamshafti, na kinachoziba pale ni oringi (pete ya mpira) moja tu. Joto la miaka mingi huukausha mpira ukawa mgumu. Oili hupenya, hutiririka mgongoni mwa injini na kudondokea palepale ambapo sili ya krankishafti ingedondosha. Anayechungulia kwa chini tu hawezi kuzitofautisha.

Safisha injini kwa dawa ya kuondoa grisi, ikauke, kisha endesha kama nusu saa. Tumia tochi na kioo kidogo, ukianzia juu kushuka, maana oili haipandi. Sensa ikiwa imelowa, umempata mwizi. Ikiwa kavu na mgongo wa hedi mkavu, lakini chini ya nyumba ya klachi kumelowa oili ya injini, hapo fundi wako yuko sahihi. Oili ya giaboksi utaijua kwa harufu yake kali ya salfa.

Kubadilisha oringi, injini iwe ya baridi. Ukitoa koili za plagi, mkono utapita vizuri. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye sensa hadi kwenye hedi. Usiusahau, kwa sababu sensa ndiyo inayopanga taimingi, yaani wakati plagi zinapowasha. Chomoa waya, fungua bolti kwa spana namba 12, tandika kitambaa chini, kisha vuta sensa huku ukiizungusha kidogo kidogo. Futa mfereji, paka oringi mpya oili safi, rudisha. Meno ya sensa hayako katikati, kwa hiyo huingia upande mmoja tu. Ikigoma, zungusha meno yake nusu mzunguko, usiigonge. Usijaze silikoni badala ya oringi: vipande vikimeguka vitaingia kwenye njia za oili.

Ikishakaa kwenye mstari, pima taimingi kwa taa ya taimingi. Injini ikiwa ya moto na sailensa ya kawaida (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), matundu yaliyoandikwa TEN na GND yakiwa yameunganishwa kwa waya kwenye kisanduku cha ukaguzi, iwe digrii 10 kabla ya pistoni kufika kilele.

Gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya hedi) nayo huvuja kwenye pembe za nyuma. Weka silikoni kidogo kwenye pembe hizo tu, na bolti zisizidi Nm 9. Ukikaza sana, nyuzi za aluminiamu hukatika. Tikisa pia vali ya PCV, inayotoa mvuke ndani ya injini: isipolia imeziba, na mgandamizo wa ndani utasukuma oili hata kupitia sili mpya.

Dawa za chupa hulainisha na kuvimbisha mpira. Oringi iliyokwisha kuwa ngumu kama plastiki haifufuki kwa njia hiyo.

Mwisho, bonyeza mipira ya hita iliyo chini ya sensa. Oili huiozesha; ikiwa laini au imevimba, ibadilishe kabla haijapasuka na kumwaga maji ya rejeta njiani.