Warumi 13 si ya kuwaziba vijana midomo

Dada wa Bondeni, nimekuelewa: kila vijana wakiuliza kodi inaenda wapi, mzee wa kanisa anawasomea Warumi 13:1, "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu," na mjadala unaishia hapo. Pole. Hapa Nakuru yalinikuta hayo hayo.

Usimjibu kwenye kundi la WhatsApp. Mimi nilijibu, tukanuniana mwaka mzima. Mwendee nyumbani na Biblia yako, msome pamoja, tena muanzie sura ya 12. Paulo aliwaandikia Wakristo wa Roma waliotawaliwa na Kaisari. Hawakuwa na kura. Mstari wa 4 unamwita mtawala mtumishi wa Mungu "kwa ajili ya mema". Weka kidole hapo, mwache asome mwenyewe kwa sauti. Kisha fungueni Matendo 5:29, pale mitume wanaposema imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Nawe usiifanye rungu, maana Warumi 13:7 inataka kodi ilipwe. Kuuliza matumizi yake ni haki yenu, na Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda hata maandamano ya amani.

Ila akianza kuiita jamii nyingine Waamaleki, yaani watu ambao katika Biblia Israeli waliamriwa kuwaangamiza, hapo usikae kimya. Tuliuona moshi wa ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, mjini humu. Hifadhi rekodi ya maneno yake, uipeleke kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa.