"Tumeshindwana": kwa wakalimani wapya wa mahakamani

Nyinyi mnaoanza ukalimani katika mahakama za Mombasa, kwenye kesi za ndoa mtalisikia sana neno "tumeshindwana". Tegeni sikio kwenye hiyo -w-. Ikidondoka mnapata "tumeshindana", na mume na mke waliochokana wanageuka watu wanaowania kikombe.

Mzizi ni shinda. Tia -w- upate shindwa, yaani kulemewa. Ongeza -an-, na sasa wanaolemewa ni wawili, kila mmoja kwa mwenziwe. Mpangilio huo si wa kila siku, kwani -w- hukaa zaidi mwishoni, kama katika pendwa na pigiwa. Nalipenda neno hili kwa sababu halimtaji mkosaji. Asemaye "mke huyu amenishinda" keshalaumu. Asemaye "tumeshindwana" amejitia na yeye ndani. Mkimfikishia hakimu kauli ya pili kwa maneno ya ile ya kwanza, mmetunga ushahidi.

Wala neno lenyewe halisemi kuwa mambo yamekwisha. Pale Marikiti muuzaji akishikilia bei na mnunuzi asipande, hao nao wameshindwana, na mara nyingi mnunuzi huitwa kabla hajafika mbali. Sheria ya Ndoa ya 2014 ina kipimo kizito zaidi: ndoa iliyovunjika hata haiwezi kurekebishwa. Kuamua hilo ni kazi ya hakimu. Msimtie mhusika maneno hayo kinywani.

Kwa kadhi mtakutana na shiqaq, neno la Kiarabu lenye mzizi wa kupasuka. Limo katika Sura An-Nisaa, aya ya 35, inayoagiza kwamba pakihofiwa mpasuko baina ya mume na mke, ateuliwe mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mwingine kutoka jamaa za mke. Aya hiyohiyo inataja upatanisho kwa kitenzi cha mzizi uliotupa sisi "mwafaka". Kwa hiyo anayelifasiri shiqaq kuwa "talaka" amewaruka waamuzi wote wawili.

Mkiwa na shaka, ombeni ruhusa mhusika aulizwe: "Mmeshindwana kwa lipi?" Mmoja atataja matumizi ya nyumbani, mwingine wakwe. Tafsirini jibu hilo, na neno lake la kwanza liacheni kwenye kumbukumbu kama alivyolitamka, maana yake ikiandikwa kando.