Jiko la Kuchomea Nyama: Pipa au la Dukani?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Ninaishi Kigamboni, si mbali na ufukwe. Jiko la kuchomea nyama nililonunua dukani miaka miwili iliyopita limeliwa na kutu hadi sakafu yake imetoboka, ingawa tulilitumia mara moja au mbili tu kwa mwezi. Sasa fundi ananishawishi anitengenezee la pipa lililopasuliwa. Nikubali, au ninunue tena la dukani, la bei kubwa zaidi? Na nifanyeje lisioze kama lile la kwanza?

JIBU: Ndugu msomaji, neno lililonishtua katika barua yako ni hilo la "mara moja au mbili tu", kwa sababu naamini ndilo lililoliua jiko lako. Majivu ya mkaa yana chumvichumvi, hasa za potasiamu, zinazonyonya unyevu wa hewani, na hewa ya pwani nayo hubeba chumvi ya bahari. Hivyo majivu yanayoachwa ndani ya jiko kwa wiki tatu yakisubiri wageni wengine hugeuka tope linalokitafuna chuma polepole. Muuza mishikaki wa barabarani hukoka moto kila jioni na kumwaga majivu kila siku, na jiko lake, ambalo ni bati tupu, hudumu.

Kwa hiyo mkubalie fundi, lakini simama naye. Jambo la kwanza ni kujua pipa lilibeba nini: lililokuwa na mafuta ya kula linafaa, bali lililokuwa na dawa za mashambani au kemikali usilikubali hata ukipewa bure. Hata pipa zuri huwa na rangi, kwa hiyo liwashiwe moto mkali wa kuni, mahali pa wazi, hadi rangi yote iungue, kabla ya nyama yoyote kuwekwa juu yake. Bati la pipa ni jembamba. Mwambie fundi aweke ndani chanja ya nondo ya kubebea mkaa, ili makaa yasilale juu ya bati lenyewe na hewa ipite chini yake kutoka kwenye matundu ya ubavuni.

Kwenye wavu usibane matumizi. Mafundi wengine hutumia waya uliopakwa zinki, ule unaong'aa kama mabati mapya, kwa kuwa ni rahisi na unapendeza macho. Zinki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 420 hivi, nayo makaa yaliyokolea hupita hapo, na moshi wake ni sumu. Chagua nondo tupu au, ukijaliwa, chuma kisichoshika kutu. Wavu ukae sentimita 10 hadi 15 juu ya makaa, la sivyo utakula kuku aliyeungua nje na mbichi ndani.

La dukani la bei kubwa sikukatazi, ila kabla ya kulipa bonyeza ubavu wake kwa kidole gumba. Ukibonyea, unalipia rangi.

Kuhusu utunzaji, sugua wavu ukiwa bado na joto, kisha upake mafuta ya kupikia kwa kitambaa. Brashi ya waya siipendi, kwani nyuzi zake hukatika, zikanasa kwenye nyama na kuishia kooni mwa mtu. Nusu ya kitunguu iliyochomwa uma hufanya kazi hiyo vizuri. Majivu yamwage kesho yake asubuhi, yakiwa yamepoa kabisa, kisha funika jiko.

Mvua ikiwakuta makaa yakiwa bado mekundu, okoeni nyama na kuliacha jiko lilowe. Msiliingize sebuleni wala chumba chochote kilichofungwa, maana hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu, na huendelea kutoka hata pale moto unapoonekana umekufa.